Huruma na Haki katika Vitabu vya Utumwa

Wasomaji wetu, vitabu ni vingi duniani, na vilivyo vingi husomwa mara moja vikasahauliwa. Lakini viko vichache vilivyozaliwa katika nchi moja, vikavuka bahari, vikaingia nyumba za watu wasiojuana, vikageuza mawazo yao juu ya jambo kubwa. Kimoja cha vitabu hivyo ni Uncle Tom's Cabin, yaani Kibanda cha Mjomba Tom, kilichotungwa na Bibi Harriet Beecher Stowe wa Marekani, kikapigwa chapa mjini Boston tarehe 20 Machi, 1852. Twataka kukipima kitabu hicho, na kando yake tuweke kitabu cha lugha yetu wenyewe, Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Vyote viwili vyanena juu ya utumwa na ukombozi. Vyote viwili vimesifiwa sana, na vyote viwili vimelaumiwa sana. Nasi twaona kwamba katika sifa hizo na lawama hizo limo neno litupasalo kujifunza.

Labda mtu atasema, Jambo hili limepita, ya nini kulifukua? Ni kweli, hali ya utumwa ilifutwa na sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hapana mtu aliye hai leo mwenye alama ya kongwa shingoni. Lakini watu wakigombea mpaka wa shamba, au kijana akipeleka posa kwa watu wajionao kuwa bora, husikiwa neno la chinichini: Huyo asili yake ni nini? Babu yake alinunuliwa na nani? Asemaye hivyo hakuuona mnada wala mnyororo. Amerithi wazo tu, kama mtu arithivyo kisu cha marehemu, nacho kingali chakata. Sheria hufuta hali ya watu kwa siku moja, bali wazo halifutiki kwa amri. Hutolewa na wazo jingine, na mara nyingi wazo hilo jingine huletwa na kitabu. Kwa hiyo yafaa kujua vitabu vya namna hii vina nguvu gani, na vimepungukiwa na nini.

Bibi Stowe alizaliwa mwaka 1811 katika Connecticut, upande wa kaskazini wa Marekani, binti wa mhubiri mashuhuri. Alipokuwa mtu mzima alikaa miaka mingi Cincinnati, mji ulio ukingoni mwa mto Ohio. Upande ule wa mji hapakuwa na utumwa, na ng'ambo ya mto ni Kentucky, iliyokuwa nchi ya watumwa. Basi habari za watoro wavukao hazikuwa ngeni masikioni mwake. Mwaka 1849 mtoto wake mdogo alikufa kwa kipindupindu, naye alisema baadaye kwamba penye kaburi lile ndipo alipojifunza uchungu wa mama mtumwa anyang'anywaye mwanawe. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilitoa sheria kwamba watoro warudishwe kwa mabwana zao, hata wakiwa wamekwisha kufika nchi zisizo na utumwa, na kila amsaidiaye mtoro aadhibiwe. Hapo Bibi Stowe akashika kalamu. Hadithi yake ilitoka sehemu sehemu katika gazeti moja la Washington, toka Juni 1851 mpaka Aprili 1852.

Jina lenyewe la Mjomba lataka kuelezwa. Kwetu mjomba ni mtu wa heshima, ndugu wa mama, mwenye neno lake katika arusi na katika matanga. Huko Marekani ya kusini desturi ilikuwa nyingine. Wazungu hawakutaka kumwita mtu mweusi Bwana. Basi alipokuwa mtu mzima walimwita Mjomba, na mwanamke walimwita Shangazi. Walimnyima jina la heshima kwa kumpa jina la udugu wasioukubali.

Habari yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Bwana Shelby wa Kentucky si mtu mkali, ila ana deni. Ili alipe deni auza watu wawili: Tom, mtumishi wake mwaminifu, mwenye mke na watoto; na Harry, mtoto mdogo wa kijakazi Eliza. Eliza asikia maneno ya mauzo kwa siri, amchukua mwanawe usiku, na kesho yake avuka mto Ohio kwa kurukaruka juu ya mapande ya barafu yaeleayo, miguu ikitoka damu. Mumewe, George Harris, naye amekwisha kutoroka. Alibuni mtambo katika kiwanda alichokodishwa, na bwana wake, badala ya kufurahi, akamwonea wivu na kumrudisha shambani. Tom hatoroki. Achukuliwa kusini kwa meli ya moshi, anunuliwa na St. Clare wa New Orleans, bwana mpole, kwa maombi ya binti yake Eva, ambaye Tom alimwokoa alipoanguka mtoni. Eva afa. St. Clare aahidi kumwandikia Tom hati ya uhuru, lakini kabla hajaitimiza ahadi auawa kwa kisu akiamua ugomvi wa watu wawili. Mkewe awauza watumwa mnadani, na Tom aangukia mikononi mwa Simon Legree, mwenye shamba la pamba, ambaye amwua kwa mapigo kwa sababu amekataa kusema wanawake wawili watoro wamejificha wapi. Kijana wa Shelby aja na fedha za kumkomboa, amkuta akikata roho.

Nguvu ya kitabu hiki haimo katika ukatili wa Legree. Wakatili wamo katika hadithi zote, na msomaji amwonapo mkatili hujisemea, Mimi si kama huyu, akalala usingizi wake. Bibi Stowe hakumwacha msomaji alale. Wale mabwana wawili wa kwanza ni watu wema. Kilichomwangamiza Tom ni deni la mmoja na sahihi ya mwingine isiyotiwa kwa wakati. Shangazi Chloe, mke wa Tom, aliomba ruhusa akafanye kazi ya kuoka mikate na vitamu mjini Louisville kwa dola 4 kwa juma, ili zikusanywe fedha za kumkomboa mumewe; jasho lake lote likawa bure, maana mauti yalitangulia. Msomaji aonyeshwa wazi kwamba mtu asiyehesabiwa na sheria kuwa mtu, wema wa bwana wake ni kama kivuli cha wingu: wingu likienda, kivuli chaenda nalo.

Tena Bibi Stowe hakuwasifu watu wa kwao. Legree, yule mkatili, amemfanya kuwa mzaliwa wa kaskazini, nchi ya mtungaji mwenyewe. Na Bibi Ophelia, binamu yake St. Clare, ametoka kaskazini akiuchukia utumwa kwa moyo wote, lakini apewapo mtoto mweusi Topsy amlee, aona kinyaa kumgusa. Jambo hili ni kweli hata leo katika nchi nyingi: mtu aweza kuichukia dhuluma, na huku hampendi aliyedhulumiwa.

Mahali palipo bora kuliko pote katika kitabu, kwa maoni yetu, ni nyumbani kwa Bwana Bird. Huyu ni mtunga sheria wa Ohio, amerudi kutoka barazani alikoikubali sheria ya kuwakataza watu kuwasaidia watoro. Mkewe amwuliza kama kweli ataweza kumfukuza mlangoni mtu mwenye njaa na baridi. Amjibu kwa maneno ya serikali: tusifuate mioyo yetu, tuangalie amani ya nchi. Mara Eliza aletwa jikoni, amezimia, na mtoto wake yu pamoja naye. Usiku uo huo yule mtunga sheria awachukua garini kwa siri mpaka mahali pa salama, na mkewe afungua saraka yenye nguo za mtoto wao aliyekufa, ampa Harry. Mtungaji hakuandika hapo hoja ndefu. Alionyesha tu kwamba neno mtoro likiwa katika karatasi ya serikali ni jambo moja, na likiwa jikoni, lina macho, lina mtoto mkononi, ni jambo jingine.

Matokeo yalikuwa makubwa. Katika mwaka wa kwanza zilinunuliwa nakala 300,000 Marekani, na Uingereza zaidi ya milioni moja, zilizo nyingi zimepigwa chapa bila mtungaji kulipwa kitu. Kusini mwa Marekani kitabu kilichukiwa. Watungaji wa huko walitoa hadithi zao za kukijibu, wakiwaonyesha watumwa wenye furaha na mabwana walio kama baba zao. Bibi Stowe alipoitwa mwongo, alitoa mwaka 1853 kitabu cha ushuhuda, chenye matangazo ya magazeti, hukumu za mabaraza, na habari za watu. Na katika Maryland, mwaka 1857, Samuel Green, mtu mweusi huru na mhubiri, alikutwa na Kibanda cha Mjomba Tom nyumbani mwake, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Alikaa gerezani mpaka mwaka 1862. Watawala hawamfungi mtu kwa ajili ya hadithi isiyo na nguvu.

Uingereza machozi yalikuwa mengi. Wanawake zaidi ya nusu milioni walitia sahihi waraka kwa dada zao wa Marekani, wakiwasihi wauondoe utumwa. Sahihi zile zilijaza vitabu 26. Lakini tuangalie pia nguo walizovaa wanawake hao. Viwanda vya Lancashire vilikula pamba ya Marekani, na pamba hiyo ilichumwa na watumwa. Vita vya kaskazini na kusini vilipotokea mwaka 1861, pamba ikakatika, viwanda vikafungwa, na wakubwa wengi wa Uingereza wakaanza kuwapendelea mabwana wa kusini. Bibi Stowe aliwajibu wanawake wale katika gazeti la Januari 1863, akiwauliza huruma yao imekwenda wapi. Ila si wote waliogeuka. Tarehe 31 Desemba, 1862, wafanya kazi wa Manchester, mji ulioona njaa kwa kukosa pamba, walikutana wakamwandikia Rais Lincoln kwamba wako upande wake katika kuuondoa utumwa. Naye akawajibu mwezi uliofuata kwa shukrani. Twaona hapa kipimo cha huruma. Huruma isiyomgharimu mtu kitu hujaza karatasi. Ile ya watu wenye njaa ilikuwa na bei, nao wakailipa.

Katika nchi nyingine kitabu hiki kilisomwa kwa shida za nchi hizo. Urusi hakikuruhusiwa kutoka kwa lugha ya nchi mpaka mwaka 1857, kwa kuwa huko nako walikuwako mamilioni ya wakulima waliofungwa katika ardhi za mabwana, na serikali iliogopa wasomaji wasije wakalinganisha. Wakulima hao walifunguliwa mwaka 1861. China kilifasiriwa mwaka 1901 na Lin Shu pamoja na Wei Yi. Hao hawakukifasiri kwa ajili ya kuwahurumia watu weusi peke yao. Waliona jinsi Wachina walivyodharauliwa Marekani, ambako sheria ya mwaka 1882 iliwakataza vibarua wa Kichina kuingia, wakawaambia wenzao, Yaliyowapata hawa yaweza kutupata sisi. Mwaka 1907 wanafunzi wa Kichina waliigiza habari hii mjini Tokyo. Ndivyo kitabu kiwezavyo kutunga urafiki kati ya watu wasioonana kamwe.

Basi tumekisifu, sasa tutaje kasoro, nazo si ndogo. Ya kwanza ni hii. Watoro wenye ushujaa, George, Eliza na Cassy, wote ni machotara, weupe hata kudhaniwa Wazungu. Tom, aliye mweusi kabisa, ndiye mvumilivu. Ni kama kwamba mtungaji hakuthubutu kumpa mtu mweusi hasira ya haki mpaka amtilie damu ya Kizungu. Mtungaji mweusi James Baldwin alikilaumu kitabu hiki kwa ukali mwaka 1949, na hilo ni moja ya aliyoyaona. Hata leo Marekani, kumwita mtu mweusi jina la Mjomba Tom ni tusi, maana yake mtu ajipendekezaye kwa Wazungu.

Hata hivyo tusimwonee Tom. Katika kitabu si kizee dhaifu. Ni mtu mwenye kifua kipana na nguvu nyingi. Legree amwamuru ampige mwanamke mtumwa, naye akataa, akijua malipo yake. Aamriwa awafichue watoro, akataa mpaka kufa. Aliye na nguvu za kupiga akakataa kupiga si mnyonge. Waliomfanya kuwa mnyonge ni waigizaji. Michezo ilizunguka miji yote, Wazungu wakijipaka masizi usoni, na Tom akageuzwa kuwa babu wa kuchekesha na kulia. Watu wengi waliuona mchezo wasikisome kitabu, na tusi lile limetoka katika mchezo kuliko kitabuni. Hapo wasomaji waone hatari: kitabu kikiisha kutoka mkononi mwa mtungaji, wenye dharau waweza kukivika nguo zao.

Kasoro ya pili ni mwisho wake. George na Eliza wakiisha kupata uhuru, wapelekwa Liberia. Na Topsy naye, akiisha kulelewa na kufundishwa, apelekwa Afrika kuwa mmisionari. Kana kwamba nchi waliyoilima kwa jasho na damu haina nafasi kwao ila wakiwa watumwa. Watu weusi wenyewe hawakunyamaza. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka mwaka 1838, na ambaye alikuwa rafiki na mtetezi wa Bibi Stowe, alimwandikia Machi 1853 kwamba watu weusi wa Marekani wako pale na watakaa pale. Wakitaka kusaidiwa, wasaidiwe kwa shule ya kazi za mikono. Martin Delany alikuwa mkali zaidi, akasema Bibi Stowe hawajui watu weusi wa Marekani. Twaona wote wawili wakidai jambo moja: waulizwe wenyewe.

Hapa tumefika penye kiini cha neno letu. Iko habari ya mwanamke mmoja, Harriet Jacobs, aliyezaliwa mtumwa North Carolina. Ili amkwepe bwana aliyemwandama, alijificha karibu miaka 7 katika nafasi ndogo chini ya paa la nyumba ya bibi yake, asipoweza hata kusimama wima. Alitoboa tundu kwa keekee, akawa awaona watoto wake wakicheza nje, nao hawajui kwamba mama yao yu juu yao. Alipofika kaskazini alitaka Bibi Stowe amsaidie kuandika kitabu. Bibi Stowe aliona afadhali aitie habari ile katika kitabu chake mwenyewe cha ushuhuda. Jacobs akakataa. Alijiandikia, usiku, baada ya kazi ya kulea watoto wa watu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1861. Ndani yake asema hata yale yanayomwaibisha, aeleza aliyoyachagua na sababu zake, wala hamwombi msomaji machozi kabla ya kumpa hoja. Wahenga wetu walisema, Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Bibi Stowe alisimama kando ya kaburi kwa huruma ya kweli. Jacobs ndiye aliyetoka ndani yake. Lakini dunia nzima ilimsoma Bibi Stowe, na Jacobs akasahauliwa kwa zaidi ya miaka mia, hata wataalamu wengine wakidhani kitabu chake ni hadithi ya kutungwa na Mzungu.

Sasa tuje kwetu. Uingereza ile ile iliyomlilia Tom ilikuwa na manwari zake katika bahari yetu, zikiwinda majahazi ya watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alilazimishwa kutia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa, na mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza wakaanzisha kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kuwapokea watu waliotolewa majahazini. James Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyekombolewa hivyo, akakulia katika watu wa Freretown. Kitabu chake kilisomwa sana katika shule zetu.

Sifa ya Uhuru wa Watumwa ni kwamba ni sauti ya nyumbani. Asimulia jinsi watu walivyokamatwa bara, wakafungwa, wakatembezwa mpaka pwani, wakashindiliwa majahazini, mpaka manwari ilipotokea. Asimulia na maisha mapya ya kijijini, kazi zake na shule zake. Mtungaji hakuyapata hayo katika vitabu vya wageni; aliyasikia kwa wazee waliomlea. Kwa sababu hiyo tu kitabu chastahili kuhifadhiwa. Wajukuu wa watu wale, walioitwa mateka na majirani kwa dharau, waweza kukifungua wakasema, Hawa ndio baba zetu, walikuwa na nchi, walikuwa na majina, kabla mtu hajawatia kongwa.

Lakini tukikipima kwa kipimo kile kile tulichompimia Bibi Stowe, kitabu hiki nacho kimepungukiwa. Shukrani zote zaelekea upande mmoja. Mwingereza ndiye mwokozi, Mwarabu ndiye mwovu, na mtumwa ni mtu wa kuchukuliwa tu: achukuliwa na mwizi, kisha achukuliwa na manwari. Wako wapi waliojichukua wenyewe? Pwani ilijaa watoro, waliokimbia mashamba ya Malindi na Takaungu wakajenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Wengine walijiingiza katika misheni ya Rabai na misheni za jirani, na mabwana zao wakatishia kuja kuwatwaa kwa silaha. Mwezi wa Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja walipewa hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana fidia. Watu hao hawakungoja manwari. Miguu yao ndiyo iliyoandika hati ya kwanza; ile ya karatasi ilifuata.

Angalia tena neno hilo, fidia. Uingereza ilipoufuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ililipa pauni milioni 20, na zote zilikwenda kwa mabwana. Watumwa hawakupewa hata peni moja. Wengi wao walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka 1838. Deni lililotokana na malipo hayo lilikuja kumalizika mwaka 2015. Katika mji wa Washington mwaka 1862 mabwana walilipwa mpaka dola 300 kwa kila mtu aliyeachwa huru. Unguja mwaka 1897 mabwana waliweza kudai fidia, na mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende barazani mwenyewe kuuomba, aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kujilisha, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Katika nchi zote hizi sheria ilikiri kwamba mwenye hasara ni bwana. Mtu aliyeporwa miaka yake, watoto wake na jina lake, hakuandikwa katika hesabu.

Je, tumlaumu Mbotela kwa kushukuru? Hapana. Baba yake alitolewa katika kinywa cha mauti, na mwana asiyeshukuru kwa jambo kama hilo si mwana. Hisani haiozi. Wako waliohatirisha maisha yao kwa kweli, mabaharia na wamisionari, na jina lao lisifutwe. Ila shukrani ya mtu kwa aliyemwokoa ni jambo moja, na hesabu ya haki kati ya mataifa ni jambo jingine. Shukrani ikiwekwa mahali pa hesabu, mwokozi huwa bwana mpya, na aliyeokolewa hana ruhusa kuuliza neno. Hivyo ndivyo kitabu hiki kilivyotumiwa wakati wa ukoloni: watoto wakifundishwa kushukuru, wasiulize kwa nini huyo aliyemfungua babu sasa amtoza baba kodi na kumpeleka kazini asikotaka.

Twaona, basi, kwamba vitabu hivi viwili, kimoja cha Mzungu aliyehurumia na kimoja cha Mwafrika aliyeshukuru, vyaangukia mahali pamoja. Vyote vyamwonyesha mtumwa akitendwa kuliko akitenda. Na hapo ndipo dharau inapopata mlango. Maana yule jirani asemaye, Babu yako alinunuliwa, amejifunza kumwona babu huyo kuwa kitu kilichohama mkono kwa mkono. Hakuambiwa kwamba mtu huyo alilima, alioa, alilea, alipanga njia ya kutoroka usiku, alimficha mwenzake, alijinunua kwa vibarua, alikataa kumpiga mwenzake. Angaliambiwa hayo, tusi lake lingemrudia kinywani mwenyewe.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wazazi wasomao gazeti hili: visomeni vitabu hivi, wala msivitupe kwa sababu ya kasoro zake. Lakini kila msomapo habari za watu waliodhulumiwa, za nchi yo yote, ulizeni mambo matatu. Nani asema, mwenye jeraha au amtazamaye? Nani atenda, na nani atendewa tu? Na mwisho wa habari, ni nani aliyelipwa? Mkiyauliza hayo mtasoma magazeti ya leo pia kwa macho mengine, habari za wakimbizi, na wafanya kazi wa nyumbani katika nchi za mbali, na wachimbaji wa madini, ambao hulilisha gazeti picha za machozi, na mara chache huulizwa wao wenyewe wasema nini.

Na katika vijiji vyetu liko la kufanya. Wazee waliofungwa hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo, na baadhi yao wangali wakikumbuka majina, njia zilizopitwa, na maneno ya bibi zao. Kijana mwenye daftari na akae nao, aandike kama wasemavyo, asitie huruma yake wala sifa za mtu mwingine. Yaliyo ya aibu yaandikwe, na yaliyo ya ushujaa yaandikwe. Kisha daftari hizo zisomwe mbele ya watu wote wa kijiji, pamoja na wale ambao babu zao walikuwa mabwana, maana habari hizi ni zao pia.